Hesabu ya Chaki

Kwetu Ganda tuta ni la viazi:
unalipandisha kwa jembe, mvua inalishusha,
na hakuna anayepunguza mwendo kwa ajili yake
ila kuku.

Haya ya mjini yalimwagwa Jumanne,
sita, kuanzia kituo cha mafuta hadi lango la shule,
lami bado ikitoa moshi
na Nyevu, binti wa Mwaringa, yuko dirishani,
mguu umefungwa plasta hadi pajani,
akiyahesabu kwa sauti.
Jina langu lilikuwa la tatu kwenye barua ile.
Nilitia sahihi kwa kalamu ya kuazima,
nikabonyeza hadi karatasi ikatoboka.

Wiki moja barabara ilikuwa na adabu.
Magari yaliinama na kuinuka, yakainama na kuinuka,
kama waliochelewa swala, sasa wanalipa rakaa.

Kisha Chengo wa tuktuk akapiga hesabu yake.
Matuta sita mara safari ishirini.
Springi. Mgongo. Abiria mwenye trei ya mayai.
Wanasema njia mbili zilimshinda fisi.
Fisi hakuwa na mkopo wa tuktuk.
Chengo akakata kushoto pale kwa muuza makaa,
akapita uchochoro wetu,
akatokea upande wa pili dakika mbili mapema
na mayai yote salama.
Hakumwambia mtu.
Kesho yake walikuwa tisa nyuma yake.

Mimi mshonaji. Cherehani yangu iko barazani,
chaki iko mkononi,
nikaanza kuweka alama juu ya meza.
Zamani, hadi adhuhuri, vyombo kumi na kimoja,
na nusu yake ni mikokoteni ya maji.
Sasa sijamaliza upindo mmoja
alama zimejaa upana wa kiganja.
Vumbi limekaa kwenye satini ya bibi harusi.
Bodaboda inapita, pazia langu linaifuata.
Lori la mchanga liliingia, likakwaruza ukuta wa Mama Kadzo,
likarudi kinyumenyume likiomba radhi kwa honi.

Nilikwenda kwa Mwaringa nimejaa maneno.
Nikamkuta amelala mchana, mlango wazi,
hatua tano kutoka barabara
iliyokuwa ikimtetemeshea vikombe kabatini.
Nyevu yuko nje anaruka kamba kwa mguu mmoja,
ule mwingine anauzoesha taratibu.
"Shangazi, yanaletwa mengine?"
Nikamwambia nimekuja kumpima gauni.
Nikampima. Kweli nikampima,
bega, kiuno, urefu hadi chini ya kovu,
na gauni lenyewe sikumtoza.

Uchochoro wetu ulifanya kikao cha dakika kumi.
Mifuko miwili ya saruji, mawe ya ukuta ulioanguka,
usiku, kwa tochi za simu, bila kibali.
Tuta letu likatoka limepinda, lina nundu upande mmoja,
kama kitumbua cha mtu aliyejifunza jana.
Asubuhi Chengo akalifikia, akasimama,
akalitazama kama bili ya umeme.
Akarudi nyuma.

Leo meza nimeifuta.
Alama nne tu, na mbili ni za mkokoteni uleule.
Satini ni nyeupe.
Lakini nikiondoa mguu kwenye cherehani nasikia,
nyuma ya nyumba, nyuma ya madrasa,
kule ambako njia ni nyembamba kuliko yetu
na Bi Mwanakombo huanika mchele mlangoni,
honi ya Chengo, fupi, ya heshima,
halafu nyingine,
halafu nyingine.

Bi Mwanakombo hajui kuandika.
Jana alimtuma mjukuu
aniombe kipande cha chaki.